Nilizimwa maiki nikijibu swali nililoulizwa

Watu wa utafiti wa masoko waliniingiza kwenye kikundi cha majadiliano kwa njia ya intaneti. Tulikuwa wanawake wanane wa mikoa tofauti, mada sabuni ya unga. Mimi niko Kiboriloni, Moshi, nafua za wanangu na za wapangaji wawili wanaonilipa, kwa hiyo sabuni naijua. Nikafunga genge mapema, nikanunua bando, nikajifungia chumbani.

Kijana aliyeendesha hakusalimia. Mtu mwenye mvi kama mimi anaitwa "mshiriki namba nne". Namba naielewa, ni kulinda taarifa zetu, na sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo. Lakini hata namba nne hupewa shikamoo.

Akauliza kwa nini niliacha sabuni ya zamani. Nikaeleza: mwezi wa saba maji yetu, yanayotoka kwenye chemchemi za mlimani, yanauma vidole. Sabuni ile haiyeyuki, inabaki punjepunje, inajificha kwenye marinda ya sketi za shule. Ukianua, sketi ya bluu ina mabaka meupe, unarudia kufua. Nipo hapo kwenye mabaka, naona kialama cha maiki kimepigwa mstari. Nimezimwa! "Tusonge, muda unakwenda. Ni bei, harufu au pakiti?" Nikanyoosha kile kimkono cha kwenye skrini mara tatu. Hakunipa nafasi tena.

Usiku ule ningewaandika vibaya sana. Ila nisiseme uongo, hela iliingia kwenye simu jioni ileile, na ya bando juu. Tena baada ya siku mbili tatu akanipigia dada mmoja wa palepale. "Shikamoo mama." Akasema wenye sabuni walikuwa wakisikiliza bila kuonekana (mwanzoni hatukuambiwa!) na wanataka habari za maji baridi. Akanisikiliza karibu nusu saa, akauliza hata kama naikoroga sabuni kwanza au naimwaga juu ya nguo. Hapo moyo ukatulia, nikawa tayari kuwasifia.

Kisha nikamuuliza kuhusu namba saba, mama wa Dodoma. Naye alizimwa, akieleza jinsi maji yao ya chumvi yanavyokataa povu. Dada akanyamaza kidogo, akasema kwenye orodha yake nipo mimi tu.

Hasira ikarudi yote. Wakiniita tena siingii, labda wawe wameshampigia yule mama.