Nilisahau jina la riwaya, wakutubi wakaipata

Naandika kuhusu huduma ya kuulizia vitabu kwenye maktaba moja ya umma hapa Mwanza, maana wengi tunadhani simu imeshamaliza kazi hiyo.

Nilichokumbuka ni hiki tu: mwanamume anamfuata mkewe ukweni, kisa hawana mtoto na ndugu wa mume wamemsema vibaya, na wakwe wanamdai pombe ya ndizi kwanza. Kitabu kinene, jalada lilishang'oka. Mwandishi simjui. Intaneti iliniletea mahubiri na ushauri wa ndoa.

Dada wa mapokezi hakucheka. Alimwita mzee mmoja, mkutubi wa siku nyingi, wakaanza kunihoji. Ulisomea shuleni au nyumbani? Watu wa humo wanalima tu au na kuvua? Kuna mganga? Umekumbana na gari humo ndani? Nikasema gari silikumbuki, mitumbwi ipo, na mwandishi haachi kitu, kila kazi anaieleza mwanzo hadi mwisho.

"Huyo ni Kitereza," mzee akasema. "Jirani yetu, wa hapo Ukerewe."

*Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Majina ya watu wanne kwenye jalada moja, nani angeyashika? Mzee akanisimulia tukiwa tumesimama kati ya rafu: Aniceti Kitereza aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, ikakosa mchapishaji miaka na miaka. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa, naye akafariki mwaka 1981 kabla hajaishika mkononi. Hapo nilinyamaza kidogo.

Kasoro zipo. Kompyuta yao haikuonyesha kitu, kitabu kilipatikana kwa sababu mzee anajua kilipo; siku akistaafu sijui itakuwaje. Nakala ni moja, kuukuu, haiazimwi, unaisomea humo humo. Kuanzia mchana wanafunzi wanajaa na meza zinakwisha, kwa hiyo wahi asubuhi. Walinitajia pia tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, ila mimi nilitaka Kiswahili.

Ukienda, usione aibu kusema vipande vidogo unavyokumbuka, hata chakula walichokula. Ndivyo wanavyovitaka.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia hadi waongeze viti.