Uzoefu wangu: vazi jipya la maruni kwa injini ya mvuke, Kisumu

Kwa mwenye haraka: nyota tatu na nusu kati ya tano. Karakana niliyoitumia hapa Kisumu inajua kusafisha chuma na inajua kupuliza rangi. Isichojua ni kusubiri, na nyota moja nzima imepotelea hapo, chini ya turubai.

Injini yenyewe ni ya reli yenye upana wa mita moja, pamoja na tenda yake, lile behewa la nyuma la maji na nishati. Itasimama kwenye kipande kifupi cha reli ili watu waione. Haitawashwa moto tena. Hilo la kutowashwa moto lina uzito kuliko linavyosikika, na nitalirudia nikifika kwenye sanduku la moshi, kile chumba cha mbele ya boila chini ya dohani. Kifurushi kilikuwa na kuondoa rangi ya zamani, praima, undakoti, rangi ya juu, mistari, namba, na kuifunika hadi siku ya kuizindua.

Kabla hujamwita fundi yeyote, kuna mambo mawili ambayo hayamo kwenye kifurushi cha mtu. Rangi ya injini za zama zile ina madini ya risasi, hasa ile praima nyekundu ya chini kabisa, kwa hiyo usikubali ipigwe msasa mkavu. La pili ni asbesto. Kati ya boila na koti lake la mabati kuna kizuizi cha joto, na kwa injini za zamani chukulia kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Kuitoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, nao waimalize kabla kompresa haijaletwa. Fundi rangi akisema "tutaifungua kidogo tu tuone", mfunge mdomo na ufunge na koti.

Upigaji wa mchanga waliufanya vizuri. Nasema mchanga kwa mazoea tu. Walitumia ganeti, chembe za jiwe gumu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu vumbi la mchanga wa kawaida linaua mapafu ya anayelishika bomba na ya jirani pia. Kiwango nilichodai ni Sa 2½: chuma cheupe chenye vivuli hafifu tu vya kutu, na ukwaruzo wa mikroni 50 hadi 75 (mikroni elfu moja ni milimita moja) ili praima ipate pa kushika. Kwenye fremu, magurudumu na tenda walilifikia bila shida. Kwenye koti la boila na kuta za chumba cha dereva waliniuliza kwanza, wakapata alama kwangu. Bati jembamba likipigwa kwa nguvu ileile ya fremu hujikunja kama chapati, na halirudi. Kule punguza shinikizo, sogeza bomba mbali, au tumia dawa ya kubandua na kikwangulio.

Walipoteleza ni kwenye kufunika. Ganeti ikiingia kwenye beringi za ekseli au kwenye matundu ya mafuta ya fimbo za magurudumu, inasaga kila kitu siku injini itakaposukumwa hata mita kumi. Mpangilio unaofaa ni grisi nzito kwanza, kisha kitambaa, kisha plastiki, kisha tepu. Wao walianza na tepu moja kwa moja juu ya chuma. Matundu mawili yalijaa, na baadaye rangi ikayaziba kabisa. Ilibidi yazibuliwe kwa keekee ya mkono. Angalia pia namba ndogo zilizogongwa kwenye fimbo na kwenye vichwa vya silinda. Fundi rangi huziona kama mikwaruzo na kuzijaza fila. Namba hizo ndizo zinazosema fimbo ilitoka injini gani, na mara nyingi haikutoka kwenye injini unayoitazama.

Sasa hali ya hewa, maana Kisumu si Nakuru. Chuma kilichosafishwa huanza kupata kutu ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache, hivyo praima iingie ndani ya saa nne, siku ileile. Safisha eneo unaloweza kulipaka kabla ya mvua ya alasiri, si zaidi. Kanuni ni mbili: unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Mfano: hewa ikiwa nyuzi 24 na unyevu asilimia 85, umande unaanza kushika kwenye nyuzi 21 hivi, kwa hiyo chuma kinatakiwa kiwe nyuzi 24 na zaidi. Kosa la kawaida ni kupima joto kwenye ukuta wa chumba cha dereva. Bati lile linashika joto mapema, saa tatu asubuhi tayari, huku silinda na fremu, chuma kinene cha tani na tani, bado kina baridi ya usiku na kimetoa jasho usiloliona. Pima pale penye unene. Hawa walikuwa na kipimajoto cha sumaku na walikitumia, ila ilibidi nionyeshe pa kukibandika.

Upande wa pili wa siku ni jua. Baada ya saa saba mchana koti la boila linachoma mkono. Rangi ikitua pale thina inaruka kabla rangi haijajitandaza, na unapata uso wa msasa na vitundu vya sindano. Kwa Kisumu nafasi nzuri ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa saba. Kazi ya jioni chini ya taa ni marufuku: wadudu wa ziwa wakija, wanakuja kama moshi, na kila mmoja anaacha mabawa yake kwenye rangi mbichi. Nakuru, iliyo juu zaidi, adui wako ni umande wa asubuhi na vumbi; hata jina la mji lenyewe linahusishwa na vumbi katika Kimaasai, kwa hiyo usiseme hukuonywa. Kule mwagia ardhi maji kabla ya kupuliza.

Tabaka zilikuwa hivi. Praima ya epoksi yenye zinki fosfeti, mikroni 75. Undakoti nzito ya epoksi, mikroni 100. Juu yake polyurethane ya vijenzi viwili, yaani rangi na kigumishi, mikono miwili ya mikroni 50. Epoksi haiachwi juu kamwe. Jua huigeuza chaki. Kiasi usikubali cha kukisia. Chukua asilimia ya yabisi (kinachobaki rangi ikikauka) iliyoandikwa kwenye mkebe, zidisha kwa 10, gawanya kwa mikroni unazotaka: yabisi asilimia 50 kwa mikroni 50 ni mita za mraba 10 kwa lita. Eneo la mita za mraba 120, mikono miwili, ni lita 24 kwenye karatasi. Kupuliza nje hupoteza karibu theluthi, kwa hiyo agiza 36. Karakana ilikuwa imeagiza 24 kamili, na mkebe wa kuongezea ulipokuja ulitoka mchanganyiko mwingine. Tofauti ya maruni hizo mbili ilionekana waziwazi kwenye kona ya tenda. Rangi yote ya juu inunuliwe siku moja na imiminwe pamoja kwenye pipa moja kabla ya kuweka kigumishi.

Kigumishi cha polyurethane kina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haifai, na ile ya vichujio si ya kutegemea kwa siku nzima. Mpulizaji avae kofia yenye hewa ya bomba. Hapa walikuwa na moja. Msaidizi hakuwa nayo, nikasimamisha kazi hadi alipohamia upande upepo unakotoka.

Sanduku la moshi na dohani ndipo wataalamu wengi hujikwaa, hawa wakiwamo. Waliniletea rangi nyeusi ya silikoni ya kustahimili joto, kwa fahari kabisa, kwa kuwa "ndiyo ya injini". Kwa injini inayowashwa, sawa; rangi ya kawaida pale huungua na kubanduka kama gome. Lakini silikoni safi haikomai mpaka ipashwe joto la nyuzi 200 hivi. Kwenye injini ya maonyesho hakuna moto wa kuikomaza. Itabaki laini miaka nenda rudi, ikwaruzwe na kila mtoto atakayeparamia. Tulirudi kwenye epoksi ileile na polyurethane nyeusi isiyong'aa sana. Mkebe wa silikoni walikubali kuurudisha dukani bila maneno, jambo ninalowashukuru.

Kuhusu rangi yenyewe: maruni ndiyo iliyovaliwa na injini za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na anayetaka kuiona aende Makumbusho ya Reli Nairobi aitazame injini 5918 Mount Gelai, moja ya majitu ya darasa la 59 ya kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, ya miaka ya 1955 na 1956. Ila usichague kivuli cha rangi yako kwenye picha ya simu. Kabla rangi ya zamani haijaondolewa, ng'oa bamba la jina au la namba la injini yako, na nyuma yake, mahali jua halijafika, fungua dirisha la upana wa vidole viwili kwa msasa wa maji wa 600, halafu 1200, ukishuka tabaka kwa tabaka. Lipake mafuta mepesi ili rangi iamke, kisha mchanganyaji alinganishe kwa macho mchana, kivulini. Karakana ilikuwa na mchanganyaji mwenye jicho zuri sana. Jaribio la tatu lilikuwa ndilo, na sijaona mtu wa kulikosoa.

Mistari ya manjano ni shoka la pande mbili. Walitaka kubandika stika. Stika kwenye bati tupu hudumu. Juu ya vichwa vya riveti hujiinua ndani ya msimu mmoja, maji yakaingia. Tulikubaliana rangi, kwa tepu nyembamba ya mistari. Tepu ivutwe rangi ikiwa bado mbichi, ukiikunja nyuma kwa pembe ya nyuzi 45. Upande wa kulia walifanya hivyo na mstari umekatika kama wembe. Upande wa kushoto walienda kula kwanza. Jua likaioka tepu, gundi ikabaki, na ukingo ukang'oka meno meno. Ukisimama upande ule usisogee karibu.

Basi turubai. Polyurethane ukiigusa saa sita baada ya kuipuliza inakudanganya kuwa imekauka. Kukomaa ni siku saba, tena kwenye joto zuri. Mkono wa mwisho ulipulizwa saa 36 kabla ya kuifunika, na kilichotumika ni turubai la plastiki la lori, limelazwa moja kwa moja juu ya kuba la mvuke, paa la chumba cha dereva na ubao wa pembeni. Usiku mvua ikanyesha. Chini ya plastiki thina iliyobaki haikuwa na pa kwenda, mvuke ukageuka matone ya maji, na maji yakikutana na kigumishi ambacho hakijamaliza kazi, rangi hufifia na kuwa nyeupe-nyeupe. Turubai lilipovuliwa mbele ya watu, kila mahali lilipogusa palikuwa na weupe kama majivu, na paani palikuwa na alama za kushona za turubai lenyewe, zimepigwa chapa. Juu ya hayo, tundu la chuma la kamba lilinasa kwenye filimbi na kuchora mkwaruzo wa nusu mita kwenye koti.

Kama ningeiandaa upya: siku saba wazi chini ya paa, hata la mabati ya kukodi. Kisha fremu ya mabomba inayosimama chini, isiyogusa injini popote, ikiwa na nafasi ya sentimita 30 kuizunguka. Kitambaa cha pamba, kwa kuwa kinapumua, kishonwe vipande viwili vinavyokutana nyuma ya dohani, bila tundu la chuma hata moja. Kamba ipite ndani ya pindo. Kivutwe kutoka upande wa chini, kila kipande na njia yake, na kifanyiwe mazoezi mara mbili siku moja kabla. Filimbi, mshikio wa mkono na kishikilia taa vivishwe soksi za mpira mpaka mazoezi yaishe.

Karakana ilikuja kurekebisha bila kulipisha, siku ya kumi. Msasa wa maji wa 2000, kisha dawa ya kung'arisha, ulirudisha mng'ao kwenye ubao na kwenye kuba. Paa halikurudi, chapa ilikuwa imezama, likapigwa msasa wa 400 na kupulizwa tena. Mkwaruzo wa filimbi umezibwa, lakini ukijua ulipo unauona.

Chuma kitupu cha fimbo walitaka kukipaka vanishi. Nilikataa: unyevu wa ziwa hupenya kwenye mkwaruzo mmoja, na kutu hutembea chini ya vanishi kama mizizi. Nta safi kila miezi mitatu inatosha, ikifutwa na kurudiwa. Injini ioshwe kwa maji na sabuni laini, kamwe si kwa bomba la shinikizo la pale wanapooshea magari, na matundu ya kutolea maji chini ya tenda yachokonolewe kila baada ya mvua kubwa, maana kutu huanzia huko ndani ikitoka nje.

Waliniachia lita mbili za maruni na kopo la kigumishi kwa marekebisho. Rangi itakaa. Kigumishi kikishafunguliwa hunyonya unyevu wa hewa na kuganda ndani ya kopo, kwa hiyo omba makopo madogo ambayo hayajafunguliwa, hata kama ni ghali zaidi, na uandike tarehe kwenye kifuniko.