Unataka kufufua pikipiki ya zamani nyumbani? Nunua kwa mpangilio huu

Pikipiki yangu ya kwanza ya kufufua niliinunua ikiwa kwenye maboksi matatu, fremu imeegemezwa ukutani. Muuzaji akaniambia kila kitu kipo. Na kweli vilikuwepo, vingine hadi mara mbili, maana nilikuja kukuta kava za injini za kushoto mbili na ya kulia hamna kabisa, na usukani ni wa modeli nyingine. Ndo maana orodha hii haiangalii kasi wala urembo, inaangalia ukikosa kidude fulani utakipata au hukipati, na ukikipata utaweza kukifunga mwenyewe kwa spana ulizonazo.

Namba moja, na hapa sibishani na mtu, ni Honda Super Cub, yaani C50, C70 au C90. Ilianza kuuzwa 1958 na kufikia 2017 walishatengeneza zaidi ya milioni 100, sasa fikiria spea zilizozagaa duniani. Injini yake nyepesi, unaibeba mwenyewe unaiweka mezani, mkono wa klachi haina, kabureta moja, breki za dramu mbele na nyuma, basi. Ubaya wake ni fremu, maana ni ya bati sio mabomba na inaweza kuoza taratibu kutokea ndani wakati kwa nje rangi inang'aa, kwa hiyo usione aibu, lala chini kabisa, chungulia pale stendi inapofungwa na pale fremu inaposhika mkono wa tairi la nyuma, gonga na mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linabonyea. Za zamani zaidi ni volti 6, taa kama mshumaa, ila ndo zilivyozaliwa hivyo.

Alafu kuna kitu hakuna aliyeniambia. Skrubu za pikipiki za Kijapani za enzi hizo ukiziangalia unaona nyota ya kawaida, kumbe sio, zina kipimo chao kinaitwa JIS, ukitia bisibisi ya nyota uliyoizoea haikai hadi chini, inapanda, kichwa kinaliwa, unabaki na kishimo cha duara kinachong'aa na kava halijafunguka. Nunua bisibisi ya JIS kabla hata ya pikipiki yenyewe, na ile ya kugonga na nyundo ambayo kila ukipiga inajizungusha kidogo.

Namba mbili Honda CG125, ya kuanzia 1976. Hii ilitengenezwa makusudi iweze kuvumilia kusahauliwa, valvu zinasukumwa na fito badala ya cheni ya kamshafti, yaani ule mhimili wa kufungua valvu, na Wachina wameinakili sana kiasi kwamba ukikosa spea ya Honda kuna ya kunakili inayoweza kuingia. Nimesema inayoweza, pima kwanza. Kama unataka kujifunza injini bila stresi hii inaweza hata kuipita Cub, nimeiweka ya pili kwa sababu tu haina ule mvuto wa kuiangalia.

Tatu ni Yamaha DT za tu-stroku, 125 au 175. Valvu za kichwani hamna, kichwa unakivua kwa nati chache unaiona pistoni hiyo hapo. Ila nyingi zimeteswa porini, na zikikaa miaka bila kuwashwa sili za krenki, yaani zile raba za kuzuia hewa kwenye mhimili wa injini, zinakauka, injini inavuta hewa ya pembeni, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, joto linapanda na pistoni inaungua. Ukiinunua, sili za krenki weka kwenye bajeti siku hiyohiyo, usisubiri.

Nne Yamaha SR500 ya 1978 kwenda mbele. Silinda moja kubwa, haina stata, ni kiki tu, na ina kidirisha pembeni ya kichwa cha kukuonyesha pistoni imefika wapi ili usipige kiki hovyo ikakurudishia mguu. Napenda sana, ila ukikosea taimingi ya kiki utaijua kwa goti.

Tano Honda CB750, iliyotoka 1969. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hii. Nzuri, sikatai, lakini kila tatizo lizidishe mara nne, kabureta nne, mafla nne kwa zile za mwanzo, na kila kabureta ina jeti ndogo yenye kitundu chembamba kama unywele ambacho petroli iliyolala inakiziba. Unasafisha tatu vizuri, ya nne inakuachia silinda moja baridi unarudi kufungua zote upya. Isiwe ya kwanza kwako.

Sita, za Kiingereza, BSA na Triumph za miaka ya 50 na 60. Spea bado zinatengenezwa, tatizo ni kwamba nati nyingi ni za kipimo cha Whitworth, kile cha zamani cha Kiingereza, spana zako za milimita hazishiki sawasawa, na oili kudondoka chini utaizoea. Pikipiki za kwenye maboksi, ziwe za aina yoyote, wala sizipi namba.

Siku ya kwenda kuangalia beba tochi na sumaku. Tangi la chuma likipitishwa sumaku lazima ishike kila mahali, pale inapoteleza huenda kuna puti na chini yake tundu. Funua kifuniko unuse, petroli iliyooza ina harufu kali kama vanishi. Injini iliyokwama usiilazimishe kwa kiki, toa plagi, mimina mafuta ya kulainisha kutu, iache siku kadhaa kabla hujaijaribu. Na namba ya fremu na ya injini zisome mwenyewe kwenye chuma, ulinganishe na kadi, tena kabla hujatoa hela. Ukikuta pale kwenye namba pamekwanguliwa, panda ulichokuja nacho urudi.