Uchambuzi: Safari ya Meli Kwenda Laguni ya Aldabra

Karibuni, watazamaji wangu. Leo ninachambua safari ya meli ya siku 12 kwenda Aldabra, atoli (visiwa vya matumbawe vilivyojipanga kama pete) ya Shelisheli iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kusini-magharibi mwa Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Hakuna uwanja wa ndege wala hoteli huko, kwa hiyo utalala melini, na kibali cha kushuka hutolewa na taasisi ya Seychelles Islands Foundation inayoisimamia atoli hiyo.

Chumba kilikuwa safi na chakula kilitosha, hayo sitayarefusha. Kitu unachokilipia hasa ni maji kujaa na kupwa, na hapo ndipo ratiba niliyouziwa ilipokosea.

Tazameni ramani hii. Atoli ina urefu wa kilomita 34 hivi, imeundwa na visiwa vikuu vinne, na katikati yake ndiyo laguni, ziwa pana la maji ya chumvi lenye kina kidogo. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3, na maji yote hayo hayana pa kupita ila milango michache. Zaidi ya nusu yake hupitia mlango mmoja uitwao Grande Passe, ndiyo maana mkondo wake hukimbia kama mto uliofurika, ukiingia kwa saa kadhaa kisha ukigeuka na kutoka.

Siku ya kwanza tulichelewa saa moja na nusu kwa sababu ya kifungua kinywa. Tulipofika mlangoni mkondo ulikuwa umeshageuka, na nahodha wa boti ya mpira, ambaye simlaumu hata kidogo, alikataa mtu yeyote asiingie majini, kwa kuwa maji yanayotoka humpeleka mwogeleaji bahari kuu. Tulikaa tukitazama povu, na mzee mmoja akauliza kama nusu ya nauli itarudishwa.

Siku ya tatu tuliwahi. Nilivaa miwani ya kuzamia, nikalala kifudifudi juu ya maji yanayoingia, na sikupiga hata teke moja. Matumbawe yalipita chini yangu kwa kasi, samaki taa mkubwa akabaki ametulia mchangani kana kwamba mkondo haumhusu, na papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi wakawa wanaingia laguni pamoja nasi, wakifuata chakula. Baada ya dakika chache maji yalinitua penye kina cha kiuno, mbele ya miamba yenye umbo la uyoga, iliyolika chini na kubaki mipana juu. Kwa hizo dakika chache ningelipa tena.

Nchi kavu ipo pia, na kobe wakubwa kweli ni wengi, wanaokadiriwa kufikia 100,000. Kabla ya kushuka, msimamizi alikagua viatu vyetu na kuchomoa mbegu moja iliyokwama katika mkanda wa kunata wa kiatu changu. Wenzangu walinung'unika, mimi ningeona aibu kuwa mtu aliyeleta gugu geni Aldabra. Taka za plastiki zinazoletwa na bahari zinatosha: mwaka 2019 waliojitolea kusafisha waliondoa tani 25, nyingi zikiwa nyavu na kamba za uvuvi, pamoja na kandambili zisizohesabika.

Kwa jumla naipa safari hii alama 7 kati ya 10, na zile 3 nimezikata kwa ajili ya ratiba peke yake. Kabla hujalipa, mwambie wakala akuonyeshe saa za maji kujaa kwa kila siku ya kuingia laguni, na uulize kama siku hizo zinaangukia bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, kwa sababu wakati wa maji mafu mkondo hulegea na sehemu za ndani hazijai vya kutosha kupitisha boti. Wiki iliyopita wakala wangu alinitumia ratiba ya msimu ujao. Ina saa za kifungua kinywa kwa siku zote 12, lakini saa za maji hazimo. Nimeirudisha.