TAHADHARI: jamaa wa sensa za tairi anauza hewa

Wenye magari sikieni, na we Mama Junior usinicheke kwanza. Nimepigwa laki sita.

Ile taa ya manjano ya tairi kwenye dashibodi ilikuwa inanisumbua, nikipiga stata inapepesa kama dakika nzima halafu inabaki imewaka. Upepo nimejaza, wapi. Nikaelekezwa kwa huyu jamaa hapa Kampala, jina anayelitaka aje inboksi.

Sasa sikia. Katoa kimashine, anakisogeza kwenye valvu ya kila tairi, kinalia tii, skrini inasema betri imekufa, zote nne. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba ndani ya tairi, nyuma ya valvu, kuna sensa inapima presha na kurusha kwa redio mpaka kwenye gari, ina betri yake na betri haibadilishwi, ikiisha, miaka saba mpaka kumi hivi, unanunua sensa nzima. Na hayo ni kweli! Nilishayasoma. Akauliza gari limetoka Uingereza au wapi, maana za Ulaya ni megahezi 433 na kuna nyingine za 315, ukichanganya gari haliisikii. Mtu anayejua namba hizo utamkatalia vipi? Ovaroli safi, risiti ina mhuri, ananiita mzee wangu na ndevu zake nyeupe kuliko zangu. Nikanunua soda mbili, yangu na yake.

Boksi za sensa nimeziona kwa macho, tairi nimeona zinatolewa, ile wanataka kuzifungua tu akaniita ndani nitume pesa kwa simu, netiweki inazunguka inazunguka, kutoka nje tairi zimeshafungwa, valvu mpya za chuma zinang'aa. Nawasha gari, taa hakuna. Nikamwongeza na hela ya chai ssebo!

Juzi naenda Jinja kwa ile shughuli mnayoijua, sijafika Lugazi gari linavuta kushoto, kushuka, tairi ya mbele iko chini kabisa na dashibodi kimya. Kijana wa pancha kaitoa kwenye rimu ananiambia mzee sensa gani, hii valvu tupu. Tukafungua nyingine, hivyo hivyo. Sensa zangu za zamani kabaki nazo, sijui kamuuzia nani. Na taa? Fundi umeme kafungua dashibodi kakuta kipande cha teipu nyeusi kimebandikwa juu yake. Teipu! Watoto walikuwa kiti cha nyuma, mbele yetu msitu wa Mabira na yale malori ya Malaba. Huyu si wa kuachwa, huyu ni wa gereza la Luzira, alale huko.

Haya, ukigeuza swichi ile taa lazima iwake sekunde chache izime yenyewe, isipowaka kabisa ujue imefichwa au imeungua. Usitoke pale tairi ikiwa wazi, na sensa za zamani dai mkononi. Halafu kuna magari hayana sensa ndani ya tairi, yanatumia zile za ABS, ile breki inayozuia magurudumu yasikwame, kulinganisha mzunguko wa magurudumu, ukiambiwa ununue basi ni mwizi tu huyo, mwizi, wote wafungwe na mashine zao.

Simu yake haipatikani, vijana wa dukani wanasema bosi kasafiri. Aliyepigwa naye anitafute twende polisi pamoja, tukiwa wengi hatasema alikosea. Risiti ninayo, valvu na teipu nimeziweka kwenye kaveera, mfuko wa plastiki.