Kitabu cha nyimbo za Fauré (1861 mpaka 1882): nimeanza na Après un rêve na sijatoka hapo

Waimbaji na wapiga piano, hiki kitabu cha nota za nyimbo za Gabriel Fauré, mtunzi Mfaransa, kutoka kwa wachapishaji Edition Peters, walichohariri Roy Howat na Emily Kilpatrick kichukueni. Kipo cha sauti ya juu na cha sauti ya kati, hivo hata bariton (mwanaume wa sauti ya kati) hahangaiki kuhamisha kii mwenyewe, yaani kuushusha wimbo ufae sauti yake.

Mimi nimenasa kwenye wimbo wa Après un rêve (Baada ya ndoto). Ulichapwa 1878, maneno ya Romain Bussine aliyekuwa mwalimu wa uimbaji kwenye chuo cha muziki, Konsavatoa ya Paris, kayatoa kwenye shairi la Kiitaliano na Uitaliano wenyewe unausikia kabisa, maana sauti imepewa mstari mrefu unapanda unashuka hautaki kuisha, pumzi lazima uipangie mapema. Piano ukiiangalia kwenye karatasi unaweza kuidharau, kodi tu (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) zinagongwa mfululizo kuanzia mwanzo, hamna madoido. Sasa sikiliza besi inavyohama chini ya hizo kodi, alafu pale sauti inapopata nota tatu ndani ya mpigo piano imebaki na zake mbili, zinapishana kidogo, jamani hapo ndo utamu wote ulipo!

Beti mbili za kwanza melodi karibu ni ileile, mtu bado yuko ndotoni na mpenzi wake. Ubeti wa tatu anaamka, Hélas! (Ole!), melodi inageuka na anaulilia usiku umrudishie uongo wake. Mpiga piano asiongeze kelele hapo, mwimbaji anatosha.

Kinachoniuma ni watu kuuvuta mpaka unakuwa wimbo wa msiba. Fauré kaandika Andantino, yaani mwendo wa wastani, haitakiwi kulala. Nadhani wengi wameujua kwa cello, ile aliyoipanga mpiga cello Casals, na cello haihitaji kupumua kwa hiyo inaweza kujivutia inavyotaka, koo la mtu haliwezi. Mwimbaji Claire Croiza, aliyewahi kuimba na Fauré, alisema Fauré alikuwa kama metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) yenye mwili, kwa hiyo shikeni mwendo, huzuni imo tayari kwenye nota.

Zile za mwanzo kabisa, mfano Le papillon et la fleur (Kipepeo na ua) ya 1861 akiwa bado mwanafunzi, ni nyepesi na muziki unarudi uleule kila ubeti, usipocheza na maneno ya mshairi Victor Hugo zinachosha haraka. Kwa mwanafunzi anayeanza Kifaransa lakini ningempa hiyo kwanza, Après un rêve asubiri mpaka pumzi ikae sawa.