Bia ya kegi inatoka na tope: ununue nini kwanza?

Mvua zikikaza huko bara, Mto Sabaki huleta udongo wake mpaka bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa. Bia yangu, niliyoipika nyumbani na kuitia kwenye kegi, lile pipa dogo la chuma, ilifika rangi hiyo mchana mmoja wa Desemba. Ilikuwa imelala kwenye friji siku kumi, ukishika glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Nikaipakia kwenye tuktuk kutoka Ngala mpaka Casuarina, kwa sherehe ya rafiki. Yale matuta yalimaliza kazi yote. Shemeji yangu alionja, akaniuliza kama nimekoroga unga.

Kisa chake ni hiki. Kegi za lita 19 tunazotumia nyumbani zina mrija wa kutolea bia unaoshuka mpaka chini kabisa, na chini ndiko kunakotuama hamira iliyomaliza kazi, protini na vipande vya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Kegi isiposogezwa, glasi moja au mbili za kwanza huzoa tope lililo karibu na mdomo wa mrija, na zinazofuata hutoka safi. Kama kegi yako haitoki kwenye friji, mwaga hiyo glasi ya kwanza na pesa zako zibaki mfukoni. Na kama unapika bia ya ngano ya Kijerumani, ile inatakiwa iwe na ukungu. Usiiguse.

Hata ukinunua kitu, baridi ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Kwa joto letu hamira haitulii upesi. Iache kegi kwenye nyuzi 1 hadi 4 kwa siku kadhaa kabla ya kufungulia. Hamira nayo ichague: S-04, ile ya mtindo wa Kiingereza, hushikana na kukaa chini imara kuliko nyingi.

Sasa vya kununua, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Cha kwanza ni mrija wa boya. Unautoa ule mrija mrefu wa chuma, unaweka kipande kifupi, halafu unaunganisha mrija laini wa silikoni ambao ncha yake imefungwa kwenye boya. Mvuvi yeyote ataelewa mara moja: boya linaelea, mdomo wa mrija unaning'inia chini kidogo ya uso wa bia, na bia inashuka nalo. Hamira inatuama kuelekea chini, kwa hiyo sehemu ya juu ndiyo inayotakata kwanza. Unaanza kunywa mapema, na hata kegi ikitikiswa njiani hutasubiri sana, maana unavuta kule kunakotangulia kuwa safi. Ninalitaka boya la chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ni rahisi kulisafisha. Pima kimo cha kegi kabla ya kuagiza: mrija mfupi hautafika chini, na bia itabaki humo ndani, mrefu mno utajikunja. Hakikisha pia kile kipande kifupi kinaingia kwenye aina ya kegi uliyo nayo, maana vichwa vya kegi havifanani. Wengine huuza na kichujio kidogo cha wavu cha kuvisha mdomoni. Wanywaji wa mnazi huku kwetu wamevuta kwa mirija yenye kichujio nchani tangu enzi za mababu, na wazo ni hilohilo. Kinafaa ukitia hopsi ndani ya kegi; usipotia, kiache, ni kitu kingine tu cha kuziba. Aibu ya mrija huu ni moja: glasi ya mwisho, boya linapolala chini, inatoka chafu.

Cha pili ni jelatini isiyo na ladha, ile ya wapishi wa keki, na kwa bei hakuna kinachoishinda. Nusu kijiko cha chai kwa kegi ya lita 19, iyeyushe kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 bila kuchemsha, kisha mimina kwenye bia iliyokwisha kupoa. Inavutana na hamira na kuishusha, na baada ya siku moja au mbili utaona tofauti. Nimeiweka ya pili kwa sababu haiondoi tope, inalikusanya tu pale pale mrija wa kawaida unapovuta. Soma pakiti pia, kwa sababu nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, na wageni wako huenda wakajali.

Cha tatu, kegi ya pili. Unahamisha bia safi kwa mrija na presha ndogo ya gesi, tope linabaki kule ilikotoka. Kwa anayesafirisha bia kila wikendi hii ingekuwa namba moja, bila ubishi. Kwetu wengine ni gharama kubwa kwa kazi ya mara mbili kwa mwaka, na ukiruhusu hewa iingie, bia itachakaa.

Kukata sentimita moja au mbili za mrija wa chuma ni bure ukiwa na msumeno. Lakini kila sentimita inakuachia zaidi kidogo ya theluthi ya lita usiyoifikia, na mrija uliokatwa haurefuki tena.

Cha mwisho ni kichujio cha kopo kinachofungwa kati ya kegi mbili. Kinachuja kweli, hadi chembe za maikroni moja ukitaka, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ila kinaziba upesi bia ikiwa na hamira nyingi, kinahitaji kusafishwa kwa uangalifu, na kinabakisha bia ndani yake. Changu nilikitumia mara tatu. Sasa kimefungwa kwenye bomba la jikoni, kinachuja maji ya tangi.